Tasa

"Namba tasa," niliandika ubaoni,
na Tima Lali wa dawati la nyuma,
ambaye mkono wake hauinuki bila hila,
akauliza: "Tasa kama nani, mwalimu?"
Darasa kimya. Langoni nzima wanajua.
Kichochoroni punda akapita na mchanga wa kujengea,
kwato zikahesabu kwa niaba yangu.

Nikawapa hii:
73939133.
Milioni sabini na tatu na ushei,
na haimkubali mtu ila moja na nafsi yake.
Kisha nikashika kifutio.
Nikafuta tatu ya mwisho: tasa.
Tatu ya pili: tasa.
Nikaifuta moja: tasa.
Tisa ikawa vumbi kwenye mkono wa buibui langu,
kilichobaki, tasa,
nikafuta, nikafuta, hata ikasimama saba peke yake
kama kidaka kimoja kwenye ukuta
wa nyumba iliyokwisha kuanguka.
Na saba mwaijua.

"Lakini mwalimu," Tima tena,
"saba kamzaa sabini na tatu,
sabini na tatu kamzaa mia saba thalathini na tisa.
Vizazi vinane!
Tasa gani huyo?"
Kengele ikalia. Nikajipangusa chaki.

Usiku, Tundani, umeme umekatika.
Famau kalala. Chini mama yake anakohoa,
kikohozi kile kile kinachoniuliza
kwa mwaka wa kumi na moja
(nayo kumi na moja haigawanyiki).
Nikawasha simu nikamtafutia mwana,
tarakimu moja tu ya kuongeza mkiani.
Sifuri, mbili, nne, sita, nane: shufwa, zinavunjika kwa mbili.
Tano huvunjwa na tano.
Moja: jumlisha tarakimu zote, thelathini na tisa,
tatu inaingia.
Saba: arubaini na tano, inaingia tena.
Zikabaki tatu na tisa, na hizo ndizo zilizonikesha,
nagawa, nafuta, nagawa,
nyuma ya daftari la mahudhurio,
hata mwadhini akasafisha koo kwenye kipaza sauti
na zote mbili zimeshapasuka.

Basi ndiye wa mwisho.
Wazee wake wote saba waliitwa tasa
na kila mmoja aliacha mtu.
Yeye hakuacha.
Na wa namna yake, wa kukatwa na kukatwa asivunjike,
hakuna aliyemzidi ukubwa, hatazaliwa.
Nilikaa na hilo gizani. Sikulia.
Nilijaribu tisa mara moja zaidi.

Asubuhi Bi Shekue akaniona macho mekundu.
"Ulikuwa ukifanyani?"
"Namtafutia mtu mtoto."
"Kapata?"
"Hakupata."
Akaumega mkate wa mofa, akavitazama vipande,
akanisogezea kile kikubwa.
"Kula," alisema. "Chai inapoa."