Thelathini na Nane

Kahindo aliingia na picha ndani ya bahasha ya hospitali,
akaipangusa kwa kitenge kabla ya kunikabidhi.
"Ni ya ukurasa wetu wa mtandao," akasema.
"Jina la karakana mbele, papa nyuma yake.
Lakini musimufute."

Nikaipitisha kwenye skana. Mzee Kambale akapanda kiooni,
penseli ya useremala nyuma ya sikio,
kola imefungwa hadi juu, kama mtu aliyeitwa na hakimu.
Nikamlaza tabaka la chini. Juu yake, herufi nyeusi:
KAMBALE NA WANA. MILANGO. VITANDA.

Kwa asilimia mia alizimeza zote.
Kofia ilikula KAMBALE, masharubu yakala MILANGO.
"Ndivyo alivyokuwa," Kahindo akacheka,
"akiwa chumbani, mwingine hasomeki."

Nikashika kitelezo.
Sabini: bado anaamuru.
Hamsini: anasikiliza.
Thelathini: amekaa kiti cha mgeni, hajavua kofia.
Kumi:
"Rudisha! Rudisha!" Akanidaka kiwiko
kana kwamba mzee anaanguka ukingoni mwa meza.

Thelathini na tano. Na sita. Na saba.
Tukampima mtu kwa ncha ya kipanya,
kidogo kidogo, kama chumvi ya chungu cha wakwe.
"Hapo," akasema kwenye thelathini na nane.
Mimi sikuona tofauti. Yeye aliiona.

Akauliza, hivi vimraba ni nini,
vya kijivu na vyeupe, kando ya bega lake?
Nikamwambia, hapo hakuna kitu.
Programu haijui kuchora utupu,
ndiyo maana inautandikia sakafu.

Akanyamaza. Nje chukudu ilipita juu ya makoro,
gurudumu likilia.
"Kwetu Buhene utupu ni mweusi," akasema.
"Karakana iko pale chini, na randa zake,
na mbao za mkaratusi zilizokuwa hazijakauka.
Juu yake mjomba amejenga jiko.
Hilo tabaka halina asilimia."

Umeme ukakatika.
Betri ikasema dakika kumi na moja.
Kwa haraka nikahifadhi JPEG,
na utupu wote ukajazwa weupe,
bila kuuliza, kama sanda.
"Sivyo!" tukasema pamoja.
Nikarudia kwa PNG, inayojua kuacha nafasi wazi,
nikaikonda hadi kilobaiti tisini,
maana wateja wake hununua megabaiti kwa franka za kuhesabu,
na mlango usiofunguka hauuzwi.

Tukamtumia Paluku, kaka yake, aliye Butembo.
Akajibu kwa sauti, papo hapo:
"Maandishi yako wapi? Mimi naona papa tu."

Simu yake ina usuli mweusi.
Herufi zangu zilikuwa zimezama humo,
jina, wana, vitanda, nambari ya simu,
na mzee tuliyempunguza ili asizifunike
amebaki peke yake gizani,
hafifu, macho wazi, penseli mahali pake.

Ilikuwa kazi ya dakika mbili:
mstari mwembamba mweupe kuzunguka kila herufi.
Zilibaki nne.
Lakini Kahindo alikuwa amempigia kaka yake,
simu sikioni, na hakuna aliyekuwa akisema neno.
Nilimsikia Paluku akipumua huko Butembo.
"Ngoja kwanza," Kahindo akaniambia.
Nikangoja. Kioo kikazimika.

Alinilipa dola tano, noti nzima isiyo na tundu,
akarudisha picha kwenye bahasha.

Ule mstari niliuweka usiku, nyumbani,
nikamtumia Paluku yeye wa kwanza.
Akaandika: "Sasa yanasomeka. Aksanti.
Lakini mumuongeze papa kidogo."

Nikaweka thelathini na tisa.
Kahindo sijamwambia.