Daftari la Bomba Namba Nne

Saa kumi na mbili na robo, jua halijapanda tuta la reli,
navua kandambili, naziacha kwenye shina la mgunga,
naingia kinamasi cha Bahi, kona ile isiyokauka,
kwa miguu niliyorithi kwa mama: mipana, migumu kuzama.

Bomba ni la plastiki, limetobolewa matundu ubavuni.
Nashusha kamba yenye kipande cha bati.
Nasikiliza. Tap.
Naandika: sentimita tisa chini ya uso. Jumatatu. Ndege wengi.
(Ndege sikuagizwa. Naandika tu.)

Siku ya kwanza Bwana Chilewa wa maabara
alimega udongo mweusi kama mtu anayemega mkate.
"Haya," alisema, "ni majani ambayo hayajamaliza kufa."
Nililibeba neno hilo wiki nzima, nikichambua mlenda.
Ndago za mwaka aliozaliwa bibi,
matete ya njaa ile, na ya njaa iliyoitangulia,
yamelala humu, maji yameyaziba pumzi,
hayaozi, hayasemi.
Nikamwambia: basi hiki ni kihenge,
na maji ndiyo kifuniko.
Akacheka. Kisha akaandika *kihenge*
pembeni mwa karatasi yake, kwa penseli.

Juni. Malogo amechimba mtaro.
Simlaumu kwa sauti. Ana watoto sita,
mpunga ulimkataa mwaka jana, na vitunguu vina bei mjini.
Mtaro wake umenyooka, unang'aa kama kisu kilichotoka kunolewa.
Kumi na tisa.
Thelathini na moja.
Arobaini na nane, na kamba imekwisha;
naiunga kwa uzi wa kiatu.

Ndipo tukaleta ndoo.
Ndoo nyeupe, tumeifudikiza juu ya udongo,
kitakoni mrija, mwisho wa mrija kisanduku kinachohesabu hewa.
Maji yalipokuwa juu, namba ilitambaa kama kobe.
Sasa inaruka ngazi mbili mbili.
Hakuna moshi. Hakuna harufu. Hakuna anayekohoa.
Nimetega sikio kwenye ndoo kama mjinga,
sikusikia kitu,
na namba ikapanda.

Nani angeamini wizi wa namna hii?
Mlango umeachwa wazi, kihenge kinaliwa mchana kweupe,
na mwizi ni hewa tunayoivuta sote,
inaingia kwenye nyufa, inayagusa majani ya kale,
nayo yanamaliza kufa.

Lakini usiniambie basi tufurishe tu.
Machi, maji yalipofika magotini,
viputo vilipanda vyenyewe karibu na ndoo, vikipasuka kwa aibu:
gesi nyingine, kidogo lakini kali, alisema Chilewa,
hiyo nayo inalipasha joto anga.
Basi ni kama chumvi kwenye mboga.
Kiganja kimoja chini ya uso, labda pungufu.
Aliyewahi kupika hahitaji mashine kumweleza.

Kuna nondo tuliyoikita mpaka kwenye mfinyanzi,
kichwa chake kikawa sawa na ardhi.
Leo kimechomoza vidole vinne.
Mtoto wa Malogo, Mbeho, akauliza, "Nani kaivuta?"
Baba yake alikuwa nyuma yake, jembe begani.
Nikamjibu mtoto, nikimtazama baba:
chuma kiko palepale.
Sisi ndio tumeshuka.

Malogo hakusema neno.
Aliisukuma nondo kwa unyayo, mara mbili,
kama mtu anayejaribu nguzo ya nyumba yake,
akaenda zake.

Jumatano nimekuta magunia mawili ya mchanga mtaroni.
Mawili tu; upande wa kulia maji bado yanapita,
na vitunguu vyake bado vinakunywa.
Nashusha kamba.
Tap.
Sentimita arobaini na moja. Ndege mmoja, mweupe.
Uzi wa kiatu haukuhitajika.