Aliyeuliza Nafulia Nini

Miezi saba nakaa upande,
kalio moja kitini, jingine hewani,
kama mgeni asiyejua iwapo amekaribishwa.
Kunawasha. Leo nalitamka,
lakini duka la dawa, Mwembe Tayari,
nililizunguka neno kama nyumba ya anayenidai:
"Kule... kwa wanawake..."
Kijana akanikatia vidonge vya kuvu
bila kuinua macho kwenye simu.
Mara ya pili, vidonge na krimu.
Mara ya tatu niliijua bei kabla hajaitaja.

Mwanate, jirani, akaniletea shabu ndani ya kitambaa:
"Yeyusha, ujioshe. Utapona, na zaidi ya kupona."
Nilijiosha huku nimeuma pindo la leso.
Habari ya maji ya ndimu siisimulii.

Usiku Shee akinigeukia, mimi naugeukia ukuta.
Hakuuliza.
Kutouliza kwake kukawa na kelele,
nikaanza kumhesabia: safari ya Voi,
Jumanne aliyochelewa, ujumbe alioufuta.
Mama akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako,"
akavitazama viatu vya mkwewe mlangoni.

Zahanati ya Tudor, foleni ya saa tatu.
Sista Nadzua, miwani imefungwa kwa uzi mweusi,
alifunga mlango, akavuta pazia,
akaniangalia kwa tochi, bila pupa,
kama anayechagua mchele wa karamu ya watu.
Akapitisha pamba, akapeleka maabara.
Jibu: si kuvu. Wala si la kuletewa na mume.
"Ngozi imeungua tu, mwanangu. Imeunguzwa na nini?"
Akaanza kuuliza. Sabuni gani? Pedi gani?
Na chupi, unafulia nini?

Nafulia nini!
Mimi, dobi wa hoteli ya Nyali mwaka wa tisa,
mashuka ya wageni hadi vidole vinakunjamana.
Mwezi wa pili yaliletwa madumu ya buluu,
kilainishi kipya, chanukia maua
yasiyoota popote Mvita.
Kila Ijumaa niliiba, basi, niliazima,
kichupa kimoja,
kwa nguo zangu za ndani peke yake.
Nilitaka kitu kimoja laini kiwe changu.

Nikahesabu kwa vidole, vikatimia saba.
Nilicheka, miguu ingali juu,
na Sista akacheka hadi miwani ikamponyoka:
kikulacho ki nguoni!
Na Shee wa watu hana kosa
ila kwenda Voi.

Akaniandikia karatasi fupi.
Nje, maji matupu. Ndani, usiguse:
"kunajiosha kwenyewe tangu hujazaliwa."
Chupi za pamba, suuza mara tatu.
Mafuta mazito yasiyo na harufu.
Shabu umrudishie mwenyewe.
Wiki mbili; usipoona nafuu, rudi,
usiende kwa yule wa simu.

Siku ya tisa nilikaa barazani nikimenya mbaazi,
sinia likajaa, adhana ikaadhiniwa,
ndipo nikagundua nimekaa
kwa makalio yote mawili.

Usiku nilimwambia Shee, yote, hata ya Jumanne.
Alinyamaza kitambo. Akasema, "Ungeniambia."
Kweli, ningemwambia.

Kamba yangu ya nguo sasa hainukii chochote, jua tu.
Kichupa kilichobaki nilifulia pazia.
Pazia halina pa kuwashwa.