Chupa Dirishani

Kasulu, Julai, ukungu umelala mlangoni mwa maabara,
na chupa ya mawese niliyopewa Mwandiga
imeganda usiku:
juu wekundu bado unacheza,
chini rangi ya boga, zito,
ukiipindua halikutambui.

Shangazi Bitegwa, aliyeyakamua, kapiga simu alfajiri.
"Mtu wa Heru Juu karudisha dumu.
Anasema nimetia mafuta ya ng'ombe.
Wewe si ndiye mwalimu?"

Kidato cha kwanza B, wanafunzi sitini na watatu,
madirisha mawili hayana vioo.
Sikufungua kitabu. Nikasema, sogeeni.
Wakasogea, bega kwa bega, mikono kwapani,
meno yakigongana, kila mtu mahali pake.
Hapo hapo, nikasema, msiondoke.
Hiyo ndiyo yabisi. Haijafa.
Chembe zimeshikana, hakuna ampitaye mwenzake,
lakini hakuna aliyetulia.
Jiwe la kusagia la bibi yako, lililo kimya uani,
ndani yake ni mtetemo mtupu.

Yoramu akauliza, "Hata usiku?"
Hata usiku.

Saa tatu jua likapenya kwenye pengo la kioo.
Mabega yakalegea, mtu akampisha mtu,
wakawa kama gulio la Jumamosi:
wanapenyezana, hawaachani.
Sikuhitaji kusema neno kimiminika.
Waliliandika wenyewe, wengine kwa herufi zisizotosha.

Kisha sufuria juu ya jiko la mkaa,
na kipimajoto chetu kimoja, kimefungwa kamba ya kiatu.
Themanini. Tisini.
Kitabu kinasema mia.
Kikasimama tisini na tano na nukta kidogo.
Ruhwaza akapuliza mkaa, akaongeza, akapuliza,
majivu hadi kwenye nyusi.
Tisini na tano.
"Kimekufa, mwalimu."

Hakijafa. Tuko juu milimani,
hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi, yanaruhusiwa kuondoka mapema;
muulize mama yako kwa nini maharage yanamla kuni.
Na huo moto unaoongeza, usiouona kwenye namba,
haujapotea. Una kazi nyingine.
Unafungua mikono iliyoshikana,
mmoja, mmoja,
na aliyefunguliwa anapanda, haulizi njia,
anaijaza nyumba.

Hapo nikanyamaza, nikajifanya natafuta chaki.
Nilimkumbuka shangazi mwaka tuliomzika Ezironi wake.
Watu walileta kuni, walileta unga, walileta maneno,
siku arobaini,
na uso wake haukupanda wala kushuka.
Tukanong'ona uani: huyu mama moyo wake mgumu.
Kumbe tulikuwa tunasoma namba.

Kengele. Wakatawanyika uwanja mzima,
hadi nyuma ya vyoo, hadi kwenye ua wa jirani.
Gesi, nikajisemea, na nikafuta ubao.

Mchana nikampigia.
"Shangazi, mwambie aliweke dumu juani mpaka saa saba."
"Hilo nalijua tangu sijaota meno," akasema.
"Nilikuuliza kwa nini."

Nikamwambia: mawese ni chembe ndogo, ndogo kuliko vumbi la unga.
Baridi inazipunguzia mwendo, zinakaribiana, zinashikana.
Jua linazirudishia mwendo, zinaachiana.
Hujachanganya kitu. Ni yale yale.
"Na zikiganda," akauliza, "zinatulia?"
Hapana, shangazi. Zinatetemeka tu pale pale zilipo.

Akakaa kimya, kimya cha kumaliza vocha.
Nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akitwanga kwa mbali.
Kisha akacheka kidogo, kicheko kama cha mtu aliyetua mzigo begani.
"Haya. Nitamwambia hivyo hivyo huyo wa Heru Juu."

Dirishani chupa ilikuwa imeanza upande wa jua:
uzi mwembamba mwekundu ukiteremka kwenye kioo,
ukizunguka donge la rangi ya boga,
bila haraka.