Vidole vya Korosho

Fundi Likwata, rika la kitinda mimba wangu,
anabamiza donge katikati ya gurudumu.
"Mama Somoe, usilifukuze. Litulize."
Ninakanyaga. Donge linaniyumbisha
kama mlevi anayekataa kusindikizwa nyumbani.

Udongo umetoka bondeni, chini ya Newala.
Tumeupandisha kwa madebe,
tumeutwanga, tumeuchekecha,
tumeutoa kokoto kama mchele wa msiba.

Bibi yangu hakuwa na gurudumu.
Aliinama, akakizunguka chungu kinyumenyume,
nyayo zake zikachora duara mchangani,
chungu kimetulia kama bibi harusi.
Leo nimeketi mimi, chungu ndicho kinachozunguka,
na kizunguzungu ni changu.

Miaka kumi na tisa nilibangua korosho.
Mafuta ya ganda yakala ncha za vidole.
Siku ya kitambulisho mashine ilinikataa:
kijana akafuta kioo, akafuta vidole vyangu
kwa pindo la kanga yangu mwenyewe,
akasema jaribu tena, mama. Jaribu tena.
Nikajaribu hadi foleni ikaguna.

Chungu cha kwanza kilikunjamana.
Cha pili kiliruka hadi kwenye ndoo.
Cha tatu kilisimama! Nikashangilia,
na mkono wa kushangilia ndio uliokigonga.
"Udongo uwahi ungali maji,"
akasema Nantanga, akizitazama mvi zangu.
Maji yapo, dada. Ndoo hiyo hapo.

Sasa ninabana viwiko mapajani.
Sisukumi. Ninaegemea tu,
kama unavyouegemea mlango usiojua kama umefungwa.
Mara kelele za mkononi zinakoma.
Kitu kinapita chini ya viganja, laini,
kinazunguka na hakiendi popote.
Ninazamisha kidole gumba. Panafunguka.
Ninavuta ukuta, unapanda,
nami nasahau kupumua.

Kikombe. Kimeinama kidogo, upande wa Msumbiji.
Likwata anakikata kwa uzi wa nailoni,
anakipeleka kwenye mwanga wa mlangoni:
mistari, mzunguko juu ya mzunguko,
myembamba, imebanana,
kutoka kitakoni hadi mdomoni.

"Nikuandikie jina hapa chini?"

Ninaiangalia ile mistari.
Ninaviangalia vidole.
Subiri kwanza, namwambia. Kikauke.