Mkwaju Ulalie Wapi

Semboja alinipigia saa tano usiku:
koleo lako limevunjika tena.

Halijavunjika. Hapa kwangu Chumbageni linauma,
kwa Mwanahija, bandarini, linauma,
linasaka kosa ndani ya msimbo na kuling'oa kama msumari.
Ila Pongwe, ofisi ya mkonge,
kwenye kompyuta yenye singa ndani ya feni
na kitufe cha R kilichong'oka,
Semboja anaandika programu za mizani
kwa lugha iliyomzidi umri,
na huko kila anwani ya faili ina mkwaju
unaolalia upande wa pili.

Mkwaju! Kijistari kimoja.
Kwangu umeinamia mbele, kama mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo;
kwake umeegemea nyuma, kama anayeizuia mteremkoni.

Na mistari vilevile:
mashine yangu ikimaliza mstari inashuka tu,
yake hurudi kwanza pembeni, ndipo ishuke,
adabu za taipureta iliyokufa zamani.
Mimi nilidhani mwisho ni mwisho.

Mwaka jana ningeshona kiraka:
kama ni Pongwe, fanya hivi;
kama ni bandarini, vile;
kama ni Pongwe na ni Jumatatu —
nilivishona, naam. Viraka vikazaa viraka,
nguo yenyewe siioni.

Safari hii nilifuta. Mistari mia nne. Nikasikia baridi.
Nikaweka mlango mmoja.
Anwani ikifika mlangoni, ivue viatu.
Ndani ni mkeka mmoja, mkwaju mmoja,
mwisho wa mstari mmoja,
hakuna anayeuliza umetoka wapi.
Ikitoka, ivae vilevile ilivyokuja navyo,
Semboja asikute kandambili za mtu.

Juu ya mlango nimeacha maelezo
kwa yeyote atakayelishika koleo
nikiwa nimehama, au nimechoka, au nimesahau:
usiongeze mlango wa pili.
Ukiona ni lazima, lala kwanza.

Alfajiri nikamtumia. Akajibu neno moja: linauma.
Chini yake, faili aliyojaribia:
ipoti ya mkonge.

Ipoti?
Nikakumbuka kitufe.

Sikumsahihisha.
Nimeiweka kwenye majaribio, ya kwanza kabisa,
na kila ninapogusa chochote, hata nukta,
hakitoki kwangu mpaka ipite hiyo,
bila R,
kama ilivyo Pongwe.