Wabadilisha?

Thalathini kwa mfuko, nimezinunua dukani Barani,
beji za bati, nyingine pini zimelegea.
Mwenye duka akaniambia: mama, anza na za rahisi,
mtoto hajui bei, ajua macho.

Idd pili. Uwanja wa bembea unanuka marashi na vumbi.
Famau, miaka sita, utepe wa kijani shingoni,
beji kumi zinamlizia kifuani kama mbuzi mwenye njuga.
Somoe, miaka tisa, amechagua tatu.
Tatu tu? Tatu.

Tangu jana nimewafunda, mkekani:
hugusi cha mtu, waonyesha kwa kidole.
Moja kwa moja, hata ukibembelezwa.
Geuza uone mgongo, pini isiyofunga itakuchoma.
Ukikataliwa, sema ahsante, shika njia.
Na ukipendacho mno kiache nyumbani,
ukikitia shingoni umeshakinadi.

Swali lenyewe neno moja. Wabadilisha?
Famau alilifanyia mazoezi kwa paka,
kwa mlango,
kwa babake aliyekuwa akinyoa ndevu.

Wahudumu wa bembea huvaa beji kwenye aproni,
na ni sharti la kazi: mtoto akiomba, hakataliwi.
Famau akamfikia Kadzo wa farasi wa mbao,
akasimama. Neno likamtoka kichwani.
Farasi wakazunguka mara mbili.
Mimi nyuma nimeuma ncha ya mtandio
nisije nikamsemea.
Kadzo akainama: "Naona una swali."
"Sina," akasema Famau, akakimbia.

Aliporudi alitoa samaki wa dhahabu,
wa pekee mfuko mzima mwenye jicho la kioo,
akachukua beji ya bluu iliyobanduka ukingo:
NILITOA DAMU.
Nikafungua mdomo.
"Mwanangu, yule samaki..."
"Mama, huyu alitoa damu,"
akanijibu taratibu, kama amwelekezaye mgeni njia.

Penye viazi karai palikuwa na Kahindi,
mwana wa muuzaji, hana utepe, hana mfuko,
ana beji moja kwenye shati la shule, sikukuu yote hii:
KIRANJA WA USAFI.
Famau akavua utepe wake wote.
Sheria ya moja kwa moja ikafa pale pale, kwenye mafuta ya moto.
Kahindi akaitazama ile safu, akameza mate,
akafunika kifua kwa kiganja.
"Hii siwezi. Jumatatu wataniuliza."
"Ahsante," akasema Famau, akashika njia,
kisha akarudi na punda asiye na sikio moja,
akamwekea kando ya sahani ya ukwaju.
"Hii hatubadilishani. Kaa nayo."

Kifungu hicho mimi sikukifundisha.

Na Somoe? Somoe hakubadilisha na mtu.
Alizunguka, akakagua aproni zote,
akageuza migongo kwa macho kama sonara.
"Hujaona unachokitaka?"
"Nimekiona."
"Mbona hukuomba?"
"Mwenyewe ana shughuli. Anakula ubuyu."
Nikatema kokwa, sikulitilia maanani.

Tuktuk ikatubeba, magoti juu ya magoti,
barabara ina mashimo, usingizi una haraka.

Nyumbani nikavua mtandio, kidole kikagonga bati.
Mahali pa pini yangu, ile ya lulu ya plastiki,
niliyoinunua shilingi ishirini kabla hawajazaliwa,
amekaa kasa wa kijani, anaogelea bega langu.

"Somoe!"
"Nilikuuliza kwenye tuktuk. Wabadilisha? Ukakoroma."
"Kukoroma si jibu."
"Hukusema hapana."
Lulu iko kwenye kola ya dera lake, imenyooka.
"Na mgongo niliuangalia kwanza," akasema.
"Inafunga vizuri."